Kusoma Tu

Daftari kuu liko Ulaya, katika jumba la mitambo
nisilolijua hata rangi ya lango lake.
Nakala yake iko Afrika Kusini, karibu nasi kidogo,
na kazi yake ni moja.
Uliza, itakujibu kabla hujapepesa jicho:
nani alileta pareto Jumanne, kilo ngapi, analipwa lini.
Lakini iambie andika, hata tarakimu moja,
inakujibu kama karani wa zamani dirishani:
hapa ni kusoma tu.

Usiku wa Jumatano, mvua ikipiga mabati ya Lanet,
nilifungua mipangilio ya seva,
nikatafuta swichi yenye jina refu, nikaiwasha.
Andiko likifika kwa nakala lisikataliwe;
lipokelewe, lipelekwe kwa daftari kuu
kupitia nyaya zilizolala chini ya bahari.
Si kila andiko. Kuunda jedwali jipya, hapana,
kubomoa la zamani, hapana.
Mgeni hutumwa sokoni,
hatumwi kuhamisha nguzo ya nyumba.

Kisha likaja swali, na chini yake majibu matatu:
aliyeandika alione andiko lake lini?
Hatimaye.
Ndani ya kikao chake.
Au baada ya kuyangoja ya watu wote.
Nilikuwa na usingizi, na hatimaye ndiyo ya haraka.
Nikachagua hatimaye, nikalala.

Asubuhi, Keringet, ukungu bado umekalia mizani,
Tabelga akapima gunia la Mama Tapsubei:
kumi na nne nukta sita.
Akabonyeza. Imekubaliwa.
Akafungua ukurasa wa mama amwonyeshe.
Sufuri.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na leo daftari lipo, habari ndiyo iko njiani.
Tabelga akabonyeza tena.

Simu yake ilinikuta na kikombe mkononi.
Nyuma ya sauti yake nikasikia ya mama,
bila hasira, kama mtu anayehesabu mbuzi:
"Mwambie huyo kijana, kungoja nakujua.
Chama cha kwanza nilikingoja miaka sita,
kikafa na pesa zangu.
Ninachokataa ni uongo wa haraka."

Nikasema si uongo, ni nusu sekunde.
Nikasema nusu sekunde mara ya pili,
na mara hii nikajisikia.

Shangazi Kwamboka alisoma barua za kijiji kizima.
Mkono wake wa kalamu uliungua utotoni,
kwa hiyo ukitaka kujibu ulimwambia yeye,
naye akapanda kilima hadi kwa mwalimu, mwalimu akaandika.
Wengine wangegeuka hapo, wateremke, waseme tayari.
Shangazi alisimama juu ya bega la yule bwana
mpaka ajisomee mwenyewe neno lako lilivyokaa.
Ndipo alishuka.
Tulimwona mzito. Tulimcheka.

Nikabadilisha neno moja katika mipangilio:
kikao.

Sasa Tabelga akibonyeza, kioo husita
muda wa mtu kumeza mate, kisha huonyesha.
Kilitoa ishirini na tisa nukta mbili,
maana yale maandiko mawili yote yalikuwa yamefika.
Mama Tapsubei akaliangalia gunia, akakiangalia kioo.
"Hizi za pili si zangu. Toa."

Tabelga akafuta. Kufuta nako ni kuandika,
nako kukashika njia ileile:
kwa nakala, chini ya bahari, hadi lango nisilolijua,
sisi watatu kimya, mmoja kwenye simu,
chai yangu ikipoa.

"Imerudi?"
"Bado."
"Basi nami bado," akasema,
mkono juu ya gunia.